Lenzi Inayojitikisa

Kituliza mtikisiko ni kifaa kilichofichwa ndani ya lenzi au ndani ya kamera, na kazi yake ni moja: kufuta athari ya mkono unaotetemeka. Kwenye kazi hiyo hakina mpinzani. Kasheshe huanza kinapopandishwa juu ya tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, mahali pasipo na mkono wala mtetemo, na hakuna aliyekitaarifu. Matokeo yake, lenzi iliyokazwa skrubu juu ya chuma na kuachwa bila kuguswa inaweza kutoa picha yenye ukungu kuliko lenzi hiyohiyo ikishikwa kwa mkono. Jambo hili huwauma zaidi wenye lenzi ndefu, kwa sababu wamelipia utulivu mara mbili: kituliza kilipandisha bei ya lenzi, na tripodi nzuri nayo haikuwa ya bure. Vitu viwili vilivyonunuliwa ili kuokoa picha vimekutana, na picha imekufa.

Lenzi ndefu hukuza kila kilicho mbele yake, na kosa la mpigaji nalo limo. Lenzi ya milimita 400, kwenye kamera yenye sensa kubwa inayolingana na fremu ya filamu ya milimita 35, huona upana wa takriban nyuzi 5 tu. Kamera hiyo ikiwa na pikseli milioni 24, kila pikseli hubeba kama milimita moja na nusu ya kitu kilicho umbali wa mita 100. Ndiyo maana manyoya ya ndege huweza kuhesabika. Ndiyo maana pia lenzi yenye mwili wa urefu wa sentimita 30, ncha yake ikiinama kwa kiasi kisichofika sehemu ya kumi ya unene wa unywele, picha nzima huwa imeshahama pikseli moja. Mwanadamu anayepumua hawezi kuizuia ncha hiyo, hata abane pumzi mpaka macho yamtoke.

Enzi za filamu wapiga picha walikuwa na kanuni ya mkato: chini ya moja uandike milimita za lenzi, na shata, pazia linaloruhusu mwanga uingie, isiende polepole kuliko hapo. Lenzi ya milimita 400 ilitaka angalau 1/400 ya sekunde. Kwa jua la saa sita mchana hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa chui, ambaye hana desturi ya kutembea saa sita. Hutoka magharibi inapoingia, na mwanga wa wakati huo hulazimisha shata ikae wazi muda mrefu. Hapo ndipo picha ya chui mwenye madoa hugeuka kuwa picha ya madoa bila chui.

Kituliza kilikuja kuziba pengo hilo. Nikon ilikiweka kwenye kamera ndogo ya filamu, Zoom 700VR, mwaka 1994. Mwaka uliofuata Canon ikatoa EF 75-300mm, lenzi ya kwanza ya kubadilishwa kwenye kamera ya SLR (ile yenye kioo ndani) kuwa na kifaa hicho. Tangu hapo kila kampuni imekipa herufi zake: IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OS kwa Sigma, VC kwa Tamron, OSS kwa Sony. Herufi hutofautiana, swichi ni ileile, na husahaulika vilevile. Watengenezaji hupima uwezo wake kwa stopu, na kila stopu huipunguza kasi ya shata kwa nusu. Kituliza cha stopu nne humruhusu mwenye lenzi ya milimita 400 kushuka kutoka 1/400 hadi 1/25 ya sekunde akiwa ameishika mkononi. Kwenye karatasi, angalau. Wapo watu wanaotetemeka kwa stopu tano.

Ndani yake mna sensa mbili ndogo za jairoskopu. Moja hupima jinsi lenzi inavyoinama na kuinuka, ya pili inavyogeuka kushoto na kulia. Taarifa huenda kwenye chipu, chipu hukokotoa picha itahamia wapi, kisha sumakuumeme husukuma kundi dogo la vioo upande unaofaa ili picha ibaki ilipokuwa. Mkono wa binadamu hutikisika kuanzia mara moja kwa sekunde mbili hadi mara 20 hivi kwa sekunde moja, na mfumo mzima umetengenezwa kwa vipimo hivyo. Mhandisi aliyeubuni alianza na dhana kwamba nyuma ya kamera kuna mtu, na mtu huyo anatikisika. Dhana nzuri. Wapiga picha wengi ni watu.

Juu ya tripodi imara dhana hiyo haina pa kusimama. Sensa hazipati mtikisiko wa kupima, lakini hakuna sensa inayosema sifuri kamili. Kila moja hutoa kelele kidogo na hupotoka taratibu hata ikiwa imetulia tuli. Chipu haina namna ya kujua kuwa kelele hiyo si mkono. Huipokea, hukokotoa, na kuamuru vioo visogee. Vioo navyo vina uzito: vikisukumwa huku, lenzi hupata msukumo mdogo wa kwenda kule. Kama mtu angekuwa ameishika, nyama ya mikono yake ingeumeza msukumo huo. Chuma hakimezi kitu. Msukumo huzunguka mwilini mwa lenzi, sensa huunasa, chipu huuona kuwa mtikisiko mpya, na kuamuru marekebisho mengine. Aliyewahi kuhudhuria harusi anaujua mchezo huu. MC anapita na maiki mbele ya spika, sauti ya spika inaingia kwenye maiki, maiki inairudisha kwenye spika, na ukumbi mzima unaziba masikio. Lenzi haipigi yowe, ila mzunguko ni huohuo: mfumo unajisikia wenyewe na kujijibu.

Wenye bahati huliona jambo hili kabla ya kupiga. Kamera iko juu ya tripodi, hakuna aliyeigusa, lakini taswira kwenye kidirisha cha kuangalizia inaelea: inapanda, inasita, inateremka. Kidole kikibonyeza kitufe nusu, picha huruka kidogo. Kwenye skrini iliyokuzwa mara 10 mchezo wote huwa hadharani. Wasio na bahati huliona nyumbani, kwenye kompyuta, wakati chui ameshaondoka na kiingilio cha hifadhi hakirudishwi.

Hakimu mkali kuliko wote ni mwezi. Usiku wa mwezi mpevu, juu ya paa la gorofa la Kariakoo au la Mombasa, tripodi husimamishwa kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, lenzi ya milimita 400 ikaelekezwa juu, na mwenyewe akakaa tayari kupata picha ya kuweka ukutani. Mwezi una upana wa nusu ya nyuzi tu, kwa hiyo kwenye sensa hupata chini kidogo ya milimita 4, lakini hizo zinatosha kuonyesha makreta. Kosa la kwanza ni kudhani kuwa kwa vile ni usiku, shata ikae wazi muda mrefu. Mwezi ni jiwe linalopigwa na jua. Shata ya 1/250 ya sekunde huwa inautosha. Mwenye kuacha shata wazi sekunde mbili hupata duara jeupe lisilo na kreta hata moja. Kosa la pili ni kusahau kwamba mwezi unatembea: huchukua takriban dakika mbili kuhama upana wake wenyewe, na kwa sekunde mbili huwa umeshapita pikseli kama 10 za lenzi hiyo. Kosa la tatu ni kituliza kilichobaki kimewashwa, ambacho hakiwezi kuufuata mwezi, kwa kuwa hupima lenzi na si mbingu, lakini kinaweza kabisa kuongeza mawimbi yake chenyewe juu ya makosa mawili ya mwanzo. Shangazi akionyeshwa picha hiyo husema, "Mashallah, taa nzuri."

Watengenezaji hawakulifumbia macho jambo hili. Vijitabu vya lenzi za mwanzo zenye kituliza vilisema wazi kwamba kwenye tripodi kizimwe. Mwaka 1999 Canon ilitoa lenzi kubwa za milimita 300, 400, 500 na 600 zenye uwezo wa kutambua kwamba zimekaa juu ya tripodi na kubadili namna ya kufanya kazi, zikaacha kuutafuta mkono usiokuwepo na kushughulikia mitetemo midogo ya kamera yenyewe. Nikon nayo iliweka kwenye baadhi ya lenzi zake kubwa nafasi maalumu ya tripodi kwenye swichi. Lenzi nyingi za miaka ya karibuni hujitambua, au hudai hivyo. Ndipo ubishi ulipokolea, kwa sababu sasa jibu la swali la kuzima au kutozima linategemea ni lenzi gani, ya mwaka gani, na imesimamishwa juu ya nini. Wapiga picha kumi wenye lenzi kumi wanaweza wote kuwa sahihi na bado wakanuniana.

Huko kujitambua nako kuna mipaka. Lenzi haina macho ya kutazama chini ihesabu miguu. Inachojua ni kwamba sensa zimekuwa kimya kwa kitambo, hivyo inahisi iko juu ya kitu kigumu. Mtu akiweka mkono juu yake, au upepo ukiipiga, huamini imerudi mikononi, na si kosa lake.

Jambo zito kuliko aina ya lenzi ni tripodi yenyewe, maana nyingi ni tripodi kwa jina. Ile ya plastiki inayouzwa pamoja na kimfuko chake iliumbwa kwa ajili ya simu. Ikibebeshwa lenzi ya kilo mbili huinama mbele polepole, kwa adabu, mpaka aliyekuwa anamlenga mwewe anajikuta anapiga picha za majani. Wengine wana tripodi ya maana lakini wameifunga kwenye kamera, na lenzi nzito ikabaki inaning'inia mbele bila nguzo. Lenzi ndefu huja na pete yenye mguu wake kwa ajili hiyohiyo. Wanunuzi huivua siku ya kwanza kwa sababu haiingii kwenye begi, na huitafuta siku ya pili. Halafu kuna nguzo ya katikati, ambayo mtu mrefu hupenda kuipandisha hadi mwisho ili asiiname. Akishafanya hivyo, ana mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu.

Upepo huyazidisha yote. Pwani, kusi ikivuma, mkanda wa kamera ulioachwa ukining'inia huipiga tripodi bila kuchoka, na dawa yake ni kuuvua au kuuzungushia lenzi. Kuna ushauri wa kutundika begi zito chini ya nguzo ili tripodi ipate uzito, na ni ushauri mzuri mpaka upepo uanze kulibembeza begi; literemshwe liguse ardhi kidogo. Kwenye mchanga wa ufukweni miguu huzama kwa zamu. Kwenye gati la mbao hakuna haja ya upepo: mtoto mmoja anayekimbia kuwahi mashua hutikisa kila ubao, na kila ubao humfikishia habari mwenye lenzi ya milimita 500. Gorofani, lori likipita barabarani chini, sakafu husalimu.

Katika hali kama hizo ushauri wa kuzima kituliza hugeuka. Tripodi inayotikisika ni mkono wenye miguu, na kituliza kilibuniwa kwa ajili ya mikono. Lenzi ya kisasa iliyosimama kwenye gati au katika upepo mara nyingi hutoa picha kali zaidi kikiwa kimewashwa. Kadhalika mpiga picha anapoegemea kamera kwa uso na kuweka kiganja juu ya lenzi, kama wafanyavyo wapiga picha wa wanyama na wa mpira ili kuzuia mtetemo, hapo mwili umerudi kwenye hesabu, na kituliza nacho kirudi.

Mahali ambapo elimu hii yote hupata mtihani wake ni ndani ya gari la safari. Katika hifadhi za taifa wageni hutakiwa kubaki garini isipokuwa kwenye sehemu zilizoruhusiwa, kwa hiyo tripodi iliyosafirishwa kutoka mbali hulazimika kusimamishwa ndani ya Land Cruiser lenye paa linalofunguka. Mguu mmoja hukaa juu ya kiti, wa pili juu ya boksi la barafu lenye maji na soda, wa tatu hutafuta nafasi kati ya viatu vya abiria. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na muda wote dereva hukumbusha kwa upole, "Bosi, huyu simba hatusubiri sisi." Tripodi ikishasimama, abiria wote huhamia upande wa simba, gari huinama, na aliyeko karibu na boksi la barafu hukumbuka kuwa ana kiu. Hakuna lenzi yenye akili ya kutambua tripodi ya namna hiyo.

Madereva wenye uzoefu wana jibu lao, nalo ni mfuko wa maharage: mfuko wa turubai au wa nguo nzito uliojazwa maharage au mchele, ukawekwa juu ya ukingo wa paa, lenzi ikalazwa juu yake. Wageni wajanja husafiri na mfuko mtupu na kuujaza sokoni, mjini Arusha kwa mfano, ili wasilipie uzito wa maharage kwenye ndege. Mfuko humeza mitetemo ambayo chuma hukataa kuimeza, na safari ikiisha, huliwa. Juu yake kituliza kibaki kimewashwa, kwa kuwa gari lenye watu sita ni kiumbe hai. Lakini injini lazima izimwe. Mngurumo wa dizeli hutikisa bodi kwa kasi kuliko mkono wowote, na kituliza hakikuumbiwa kasi hiyo. Hujitahidi, na kujitahidi kwake huonekana kwenye picha. Baadhi ya lenzi za Nikon zina nafasi ya swichi ya kupigia picha ndani ya chombo kinachokwenda, na hiyo hufaa zaidi barabara ikiwa na mashimo, yaani barabara ikiwa barabara. Kwenye boti za Mto Rufiji, tripodi ibaki kambini. Ingesimama juu ya boti, na boti inasimama juu ya maji.

Tripodi ikiwa nzito, sakafu ikiwa ya zege na upepo ukiwa umelala, bado wamebaki maadui wawili: kidole na kioo cha kamera. Kidole kinachobonyeza kitufe huisukuma kamera palepale picha inapopigwa. Dawa ni rimoti, au taima ya kamera. Taima ina nafasi mbili kwenye kamera nyingi, sekunde 2 na sekunde 10, na wanaoanza huchagua 10 kwa kuwa ndiyo wanayoijua kutoka picha za familia. Korongo amesimama majini mguu mmoja, tayari kudaka samaki. Kitufe kinabonyezwa, taa inamweka, wakati unakwenda, korongo anadaka, anameza, anaruka. Picha inayopatikana ni kali kweli, kila jani la tete likionekana, na korongo hayumo.

Kioo ni tatizo la kamera za SLR pekee. Kabla ya shata kufunguka, kioo kilicho mbele yake hupanda kwa kishindo, na kishindo hicho huitetemesha lenzi ndefu kwa muda mfupi. Shata ya 1/1000 huwahi kumaliza kazi kabla mtetemo haujafanya lolote la maana. Shata ya sekunde 30 hukaa wazi muda mrefu kiasi kwamba mtetemo hupotea ndani yake. Katikati, kati ya 1/60 na nusu sekunde hivi, ndipo picha nyingi za tripodi huharibika, na lawama yote huangukia kituliza. Kamera hizo zina namna ya kukitanguliza kioo juu, kusubiri kidogo, kisha kufungua shata. Kamera mpya zisizo na kioo zimeepukana na kishindo hicho, na zile zenye shata ya kielektroniki huweza kupiga bila kitu chochote kusogea.

Kwenye kichwa cha tripodi cha bembea, ambacho huiacha lenzi nzito igeuke huku na huko bila kukazwa, kituliza kiwashwe, maana lenzi haikufungwa bali imebebwa tu. Lenzi nyingi zina nafasi ya pili ya kufuatilia kitu kinachopita, ambayo hutuliza mwelekeo mmoja na kuuachia mwingine. Asiyeijua nafasi hiyo humfuata duma anayekimbia huku lenzi yake ikimvuta nyuma, kwa kuwa inaamini mgeuko wote huo ni mtikisiko. Stendi ya mguu mmoja, inayopendwa na wapiga picha wa mpira pembezoni mwa uwanja, haina mjadala: haijasimama yenyewe, imeshikwa, na kituliza kiwe kazini.

Kuna mkasa mwingine unaowapeleka watu kwa fundi bila sababu. Lenzi ikichomolewa, au kamera ikipoteza umeme wakati kituliza kinafanya kazi, kundi lile la vioo huweza kubaki halijafungwa mahali pake. Lenzi ikitikiswa, kitu husikika kinagongagonga ndani. Mwenyewe hupauka. Huifunga kwa taulo, hupanda daladala akiwa ameipakata, na kufika dukani anasema kwa sauti ya msiba, "Kaka, hii imevunjika ndani." Fundi mwaminifu huirudisha kwenye kamera, huwasha, husikika mlio mdogo, huzima kwa utaratibu, na kugonga kunakwisha. Fundi wa aina nyingine huomba siku tatu na gharama ya kipuri kutoka nje.

Kamera za kisasa zimeongeza utata kwa kuwa na kituliza chao zenyewe, kinachosogeza sensa ya picha badala ya vioo vya lenzi. Minolta ilianza na njia hiyo kwenye DiMAGE A1 ya mwaka 2003, Olympus ikatoa mfumo wa mielekeo mitano kwenye E-M5 mwaka 2012, na Canon yenyewe ikafuata mwaka 2020 kwa R5 na R6. Sasa kwenye tripodi kuna vituliza viwili vya kuzimwa. Katika baadhi ya kamera swichi ya lenzi hutawala vyote viwili; katika nyingine, cha kamera kimefichwa kwenye menyu, kurasa kadhaa ndani. Na kwa lenzi ndefu sana kituliza cha lenzi ndicho chenye nguvu, kwa sababu sensa ingehitaji kusogea mbali mno ili kukimbizana na picha iliyokuzwa kiasi hicho.

Mengine hayatibiwi na swichi yoyote. Kituliza hutuliza lenzi, hakimtulizi ngiri. Mnyama anayetembea huhitaji shata ya kasi, na tripodi ya milioni haimsaidii. Joto pia. Mlima Kilimanjaro ukipigwa kutoka Amboseli saa saba mchana kwa lenzi ya milimita 600, hewa inayopanda kutoka ardhini huukunja na kuukunjua, na mwenye picha hulaumu lenzi, halafu tripodi, halafu aliyemuuzia. Alfajiri mlima huohuo, kwa lenzi hiyohiyo, huonekana hadi mikunjo ya barafu.

Ubishi wote wa kuzima au kuwasha huisha kwa jaribio la mchana mmoja. Ukurasa wa gazeti wenye maandishi madogo hubandikwa ukutani, pembe zote nne, maana ukibandikwa pembe mbili utapepea na jaribio litakuwa limepima gundi. Lenzi huwekwa kwenye tripodi ambayo mwenyewe huitumia kila siku, si ile ya kuazima. Hupigwa picha kadhaa kituliza kikiwa kimewashwa na kadhaa kikiwa kimezimwa, kwa 1/500, kwa 1/60, kwa 1/8 na kwa sekunde nzima, kwa rimoti au taima ya sekunde 2. Kisha maandishi huangaliwa kwenye kompyuta kwa ukubwa kamili. Picha moja kwa kila kasi haitoshi, kwa kuwa kituliza hukosea kwa bahati na hupatia kwa bahati. Ni busara kuchagua ukurasa wa matangazo. Ukibandikwa wa michezo, majirani watasimama mbele yake kusoma.

Majibu hutofautiana kwa lenzi na kwa tripodi, lakini mwelekeo wa jumla unajulikana. Lenzi ya zamani juu ya tripodi imara: kizimwe, hasa shata ikizidi sekunde moja. Lenzi ya kisasa inayotambua tripodi: kinaweza kubaki bila madhara kwa shata fupi, ila kwa picha za sekunde nyingi kukizima ni salama zaidi, na betri itashukuru. Kitu chochote kinachoyumba, kuanzia gati hadi Land Cruiser: kiwashwe.

Mkasa ulio wa kawaida kuliko yote hutokea baada ya mtu kuelewa haya yote. Amezima kituliza kama inavyotakiwa, amepiga picha safi za machweo juu ya tripodi, ameikunja, na yuko njiani kurudi garini kamera ikiwa begani. Chui anavuka. Kamera inashuka begani, kidole kinabonyeza mfululizo, picha 60 kwa 1/60 ya sekunde, mkononi, kwa lenzi ya milimita 400, kituliza kikiwa kimelala. Swichi hiyo kwenye lenzi nyingi haina taa wala mlio wa kuonya. Ni kipande kidogo cha plastiki ubavuni, na njia rahisi ya kujua kimeelekea wapi ni kukipapasa kwa kidole gumba kila tripodi inapokunjwa na kila inapokunjuliwa. Kuhusu lenzi yenyewe inataka nini, kijitabu cha maelekezo kimo ndani ya boksi, chini ya karatasi ya dhamana. Kisomwe kabla boksi halijawa la viatu.